Nyota mbili zinatoka moja: kutafuta kasoro katika picha za nyota maradufu, Lubumbashi

Katika aina zote za kupiga picha za anga, nyota maradufu, yaani nyota mbili zilizokaribiana hadi jicho tupu linaona moja, ndizo zinazomfaa zaidi mtu wa mjini. Galaksi na nebula zinadai giza, na giza la kweli unalipata ukishatoka mbali na taa. Nyota maradufu haziulizi hayo. Mwanga wake umekusanyika katika nukta ndogo sana, kwa hiyo mbalamwezi, taa ya lango la jirani, hata moshi wa majani yanayochomwa Agosti na Septemba havikunyimi picha. Unaweza kufanya kazi katikati ya mtaa wa Kamalondo, ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba) lako, bila kusafiri popote.

Kinachoharibu picha ni mambo mengine, na mengi hayamo ndani ya kamera. Wanaoanza huchezea mipangilio ya simu usiku kucha, kumbe tatizo liko kwenye sakafu ya sementi waliyosimamishia darubini. Kwa hiyo tutaanza na dalili, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Mahesabu yote hapa nimeyafanya kwa darubini ya kioo yenye upana wa milimita 114 na urefu wa fokasi milimita 900, na kamera ndogo ya sayari yenye pikseli za maikromita 3.75. Kama vifaa vyako ni tofauti, badilisha namba. Njia ni ileile.

Kwanza, nyota ya kipimo

Kabla ya kulaumu chochote, elekeza darubini kwenye Acrux, nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini. Katikati ya Juni inafika juu kabisa ya njia yake saa moja usiku hivi, upande wa kusini, kwenye kimo cha digrii kama 39. Ni nyota mbili zenye mwangaza unaokaribiana, zimetengana kwa sekunde 4 za tao. (Sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii moja.) Mjesuiti Mfaransa, Jean de Fontaney, aliitambua kuwa maradufu mwaka 1685 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, kwa darubini ambayo leo hakuna mtu angeinunua.

Uwezo wa darubini kutenganisha nyota mbili unakadiriwa kwa kanuni ya Dawes: gawa 116 kwa upana wa darubini kwa milimita. Kwa milimita 114 unapata sekunde 1.02. Acrux ni pana mara nne kuliko kikomo hicho. Basi usiku ambao Acrux haigawanyiki, usihangaike na jozi nyingine yoyote. Shughulika na Acrux mpaka ujue kwa nini.

Na swali la kwanza ni moja tu: je, jicho lako linaona mbili? Toa kamera, weka lenzi ya jicho inayokuza mara 90 au zaidi, tazama. Jicho likiona mbili na kamera ikaona moja, kosa ni la upande wa kamera. Jicho nalo likiona moja, acha kamera kabisa; tatizo ni hewa, fokasi au vioo.

Jicho linaona mbili, picha inaonyesha moja nene

Mara nyingi sababu ni mwanga kupita kiasi. Acrux na Alpha Centauri ni nyota angavu mno, na kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe inaona anga jeusi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Nyota zinafura mpaka zinagusana. Angalia thamani ya pikseli angavu kuliko zote: kwenye picha ya biti 8 mwisho ni 255, na ikifika hapo sehemu ya katikati ya nyota imeshapotea. Anza na 1/250 ya sekunde, punguza gaini (kiwango ambacho kamera inakuza mwanga iliyopokea), endelea kufupisha muda hadi kilele kibaki karibu na 200. Picha itaonekana hafifu na ya kukatisha tamaa kwenye skrini. Iache hivyo hivyo.

Kama mwanga uko sawa na bado ni moja, pima kipimo cha picha yako. Kanuni: zidisha 206 kwa ukubwa wa pikseli kwa maikromita, gawa kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Kwa vifaa vyangu vya mfano ni 206 × 3.75 ÷ 900, yaani sekunde 0.86 kwa kila pikseli. Acrux inapata pikseli chini ya tano kutoka nyota moja hadi nyingine, na kila nyota yenyewe ina upana wake. Nafasi iliyobaki katikati ni ndogo. Weka lenzi ya Barlow, inayokaa mbele ya kamera na kurefusha fokasi, ya mara 2: sasa ni sekunde 0.43 kwa pikseli, na jozi inapata pikseli tisa. Hapo zinaachana vizuri. Kwa jozi za sekunde 2 au 3 tumia Barlow ya mara 3.

Wanaotumia simu iliyoshikizwa kwenye lenzi ya jicho wanapata hesabu tofauti kidogo. Zidisha ukuzaji wa darubini kwa urefu halisi wa fokasi wa lenzi ya simu, ambao uko kwenye maelezo ya faili la picha. Darubini inayokuza mara 90 na simu yenye lenzi ya milimita 4.3 ni sawa na fokasi ya milimita 387. Kama pikseli ni maikromita 1.4, kipimo ni sekunde 0.75 kwa pikseli. Kukuza kwa vidole juu ya skrini hakubadilishi namba hiyo hata kidogo. Badilisha lenzi ya jicho uweke inayokuza zaidi.

Sababu ya tatu ni fokasi. Fokasi nzuri kwa jicho lako si fokasi nzuri kwa kamera, hasa kama huwa unavaa miwani. Fokasi upya ukiwa umeshaweka kamera, na ubane kibanio cha nguo kwenye kitufe cha fokasi ili ukizungushe kwa ncha yake, polepole, bila kutikisa darubini. Usiku wa Juni na Julai baridi inashuka haraka na bomba linasinyaa. Rudia fokasi kila baada ya nusu saa hata kama unadhani hakuna kilichobadilika.

Nyota inachemka, inafura na kusinyaa

Hapa ndipo picha nyingi za Lubumbashi zinapofia, na panastahili muda zaidi.

Mji uko kwenye kimo cha mita kama 1,200. Kiangazi mchana ni joto na jua kali, usiku ni baridi ya koti. Tofauti hiyo ndiyo adui. Kila kitu kilichoota jua mchana kinatoa joto usiku: mabati ya paa, ukuta wa tofali, sementi ya uwanja, gari lililoegeshwa. Hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, na mwanga wa nyota ukipita humo unapindwa kila upande mara nyingi kwa sekunde.

Ili kujua joto linatoka wapi, toa nyota kwenye fokasi mpaka iwe duara kubwa lenye shimo katikati, kisha tazama kinachotembea ndani ya duara. Mawimbi ya polepole yanayozunguka, au kitu kama moshi kinachopanda kwenye ukingo mmoja, ni joto ndani ya bomba lenyewe: kioo bado ni cha moto kuliko hewa. Mistari ya haraka inayokimbia upande mmoja, kama maji ya mto, ni upepo wa juu sana angani. Huo huna la kuufanya. Duara likitikisika lote na kuchemka bila mpangilio, hasa ukielekeza juu ya paa fulani na si kwingine, basi ni joto la jirani.

Joto la ndani ya bomba linaisha kwa subira. Toa darubini nje jua likishazama, ifunue pande zote mbili kama muundo wake unaruhusu, iache saa moja. Kioo cha milimita 114 kinapoa haraka. Cha milimita 200 kitakula muda karibu mara mbili, na ndiyo sababu moja ninayosema mtu asikimbilie darubini kubwa. Feni ndogo ya kompyuta nyuma ya kioo inasaidia sana, ila izime wakati wa kurekodi ikiwa inatikisa.

Joto la uwanja linatatuliwa kwa kuhama. Toka kwenye sementi, simama kwenye udongo au majani, hata ikiwa ni kona isiyo na heshima ya lupango. Chagua mahali ambapo kusini hakuna paa la mabati chini ya nyota unayoitafuta, kwa maana Acrux na Alpha Centauri haziendi juu sana kwetu, na mwanga wake lazima upite juu ya nyumba za watu. Kisha kuna mbabula, jiko la makaa. Saa moja jioni ndiyo saa ya bukari (ugali), na kila lupango lina moto wa makala (makaa). Mama mwenye mbabula hawezi kuzima moto kwa ajili ya Acrux, na haki iko upande wake. Subiri. Alpha Centauri inapita juu kabisa saa tatu na robo usiku katikati ya Juni, wakati makala yameshakuwa majivu, na Antares inafuata saa tano, juu karibu na utosi, digrii kama 75, ambako hewa ya kupita ni kidogo.

Moshi wa Agosti na Septemba unapunguza mwanga na kuzifanya nyota za chini kuwa nyekundu, lakini hauleti kuchemka. Usiku wa ukungu mwepesi wa moshi, bila upepo, mara nyingi ni mtulivu kuliko usiku safi unaometa. Nyota zinazometameta sana zinapendeza kwa mshairi. Kwa kazi hii ni ishara ya kulala mapema.

Hata hewa ikiwa ya wastani, usipige picha moja. Rekodi video fupi au mfululizo wa fremu elfu moja hadi mbili, kila moja chini ya 1/50 ya sekunde, kisha programu kama AutoStakkert ichague asilimia 5 au 10 zilizo kali kuliko zote. Katika hewa inayochemka kuna nyakati fupi za utulivu, na unachotaka ni hizo tu.

Nyota ni mstari badala ya nukta

Kama huna mota ya kuizungusha darubini ifuate nyota, anga linatembea. Kwa nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, mfano Porrima katika kundi la Mashuke, mwendo ni sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Fremu ya 1/30 inaburuta nyota kwa nusu sekunde ya tao, zaidi ya pikseli moja kwa kipimo cha 0.43. Tumia 1/60 au pungufu, na mburuto hautaonekana. Acrux iko mbali kusini, inatembea polepole, karibu sekunde 6.8 kwa sekunde. Sensa yenye pikseli 1,280 kwa upana inaipa zaidi ya dakika moja kuvuka; Porrima inapewa sekunde 36. Iache ivuke, rekodi, irudishe mwanzo, rekodi tena. Hakuna aibu katika kazi isiyo na mota.

Kama una mota na nyota bado inakimbia, na inakimbia haraka kuliko mota ikiwa imezimwa, mota inazunguka kinyume. Stendi nyingi zinakuja zimepangwa kwa kaskazini mwa dunia. Tafuta swichi yenye herufi N na S, iweke kwenye S. Dalili hii inawachanganya watu wengi, wanafungua gia na kuzipaka grisi bure.

Kama inaelekea upande sahihi lakini inatoroka polepole, mhimili wa stendi haujaelekezwa vizuri kwenye ncha ya anga. Ncha ya kusini ya anga iko digrii 11.7 tu juu ya upeo wa Lubumbashi, nyuma ya kuta na miti, na nyota yake, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba mjini huioni. Isahau. Tumia jua. Mji uko longitudo 27.5 mashariki na saa yetu ni ya longitudo 30, kwa hiyo katikati ya Juni jua linakuwa kaskazini halisi saa sita na dakika kumi mchana. Simamisha fimbo wima, tumia kamba yenye jiwe kuhakikisha, na saa hiyo chora kivuli chake kwenye udongo. Kivuli kinaelekea kusini halisi. Dira haikupi hilo bila kusahihishwa, na chuma cha stendi kinaivuruga.

Kisha utakutana na kikwazo ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji: mhimili wa stendi nyingi za kiikweta (zile zenye mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga) haushuki chini ya digrii 20 hivi, nasi tunataka 12. Inamisha stendi yote. Weka mguu mmoja upande wa kusini na uufupishe, au inua miguu miwili ya kaskazini juu ya tofali. Kwa stendi ya kawaida sentimita 10 zinatosha kwa digrii 8 zinazokosekana. Angalia uzito wa kusawazisha usigonge mguu, na jaribu kwa mkono kama stendi haitaanguka kabla ya kuweka darubini. Usahihi wa digrii moja unatosha, maana fremu zetu ni fupi.

Mota ikisita na kuruka ruka, pima betri. Umeme ukikatika na kurudi, adapta rahisi hutoa volti zisizotulia. Betri ya pikipiki ya volti 12 inaondoa wasiwasi huo kabisa.

Mstari uliopinda kama nyoka, tofauti katika kila picha, ni mtikisiko wa mkono. Tumia kipima muda cha sekunde 3 au kitufe cha sauti cha hedifoni.

Nyota ina mkia, pembe tatu au msalaba

Mkia wa upande mmoja, kwenye fremu zote, ni vioo visivyonyooka. Barabara zetu za udongo zinatosha kulegeza skrubu ndani ya gari. Toa nyota kidogo kwenye fokasi, hakikisha iko katikati ya uwanja, na uzungushe skrubu za kioo kikubwa mpaka kivuli cha kioo kidogo kikae katikati ya duara. Fanya hivyo kila mara darubini inaposafirishwa.

Nyota ya pembe tatu: kioo kimebanwa mno na vishikio vyake. Legeza mpaka karatasi iweze kupita kati ya kishikio na kioo.

Nyota ndefu upande mmoja wa fokasi, na ndefu upande wa pili ikiwa imegeuka digrii 90, ni kasoro ya umbo la kioo au lenzi. Zungusha kamera: kama urefu unageuka pamoja na kamera, kosa ni la lenzi ya Barlow au kamera. Usipogeuka, ni kioo.

Miale minne ya msalaba si ugonjwa. Inatoka kwenye vyuma vinavyoshika kioo kidogo. Inakera tu pale nyota mwenza inapoangukia juu ya mmoja wa miale hiyo. Zungusha bomba kwenye pete zake kwa digrii 30 na msalaba utahama.

Rangi si zenyewe

Nyota yenye ukingo wa bluu upande wa utosi na mwekundu upande wa upeo imepindwa na hewa. Kwenye kimo cha digrii 40, kama cha Alpha Centauri kwetu, bluu na nyekundu zinaachana kwa kama sekunde moja ya tao, na hilo linatosha kuziba pengo la jozi za karibu. Piga kwa chaneli ya kijani peke yake, au weka kichujio cha kijani. Duara la zambarau linalozunguka pande zote ni jambo tofauti: ni lenzi rahisi ya darubini ya lenzi, na kichujio cha njano kinalipunguza.

Albireo, katika Agosti saa nne usiku upande wa kaskazini, inasifika kwa rangi: moja ya dhahabu, nyingine ya bluu, sekunde kama 35 kati yao. Ikitoka nyeupe zote mbili, umeijaza mwanga. Punguza. Na ukitaka rangi zionekane wazi, itoe kidogo kwenye fokasi ili mwanga utawanyike kwenye pikseli nyingi. Kwa jozi pana kama hiyo hupotezi kitu.

Nyota kubwa inaonekana, mwenza hapatikani

Antares ni ya daraja la mwangaza la 1, mwenza wake la 5 na nusu (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), na umbali ni chini ya sekunde 3. Nyota kubwa ni angavu kama mara 60. Hapa kufupisha muda kunamuua mwenza, kurefusha kunamzamisha kwenye mng'ao. Piga mifululizo miwili: mmoja mfupi kwa nyota kubwa, mwingine mrefu mara kumi kwa mwenza, na usijali nyota kubwa ikijaa kwenye huo wa pili. Jioni za Septemba, jua likishazama tu na anga bado lina bluu, mng'ao unapungua na kazi inakuwa nyepesi. Hewa isipotulia, hutampata hata ufanye nini.

Sirius ni mtihani wa juu zaidi. Mwenza wake aligunduliwa na Alvan Graham Clark tarehe 31 Januari 1862 nchini Marekani, kwa lenzi mpya aliyokuwa akiijaribu. Tofauti ya mwangaza ni karibu mara elfu kumi. Habari njema ni kwamba katika mzunguko wake wa miaka 50, sasa yuko mbali, karibu sekunde 11. Usisubiri mvua za Desemba: mwishoni mwa Septemba Sirius iko juu kabla ya mapambazuko. Kata katoni tundu la pembe sita lenye upana wa darubini, lifunike mdomo wa bomba. Mng'ao wa Sirius utajikusanya kwenye miale sita na kuacha nafasi nyeusi kati yake. Zungusha katoni kidogo kidogo mpaka nafasi nyeusi imwangukie mwenza. Inagharimu bei ya mkasi.

Mwenza anapatikana pasipo kuwa naye

Kinyume chake pia hutokea, na kinapendeza mpaka kinatia hofu: picha ina nyota ndogo ambayo haimo katika katalogi yoyote. Hamisha nyota kubwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Mwenza wa kweli anafuata kwa umbali na pembe ileile. Akihama kinyume, ni mwangwi wa mwanga kati ya Barlow, kichujio na kioo cha sensa. Asipohama kabisa, ni pikseli mbovu.

Picha iliyounganishwa ina nyota tatu

Hii inatokea kwenye jozi zenye mwangaza sawa, mfano Porrima au 36 Ophiuchi. Programu inashika nyota moja kama nanga, hewa inachemka, katika fremu inayofuata inashika ile nyingine. Zikiwekwa pamoja unapata tatu kwenye mstari, ya katikati ikiwa angavu kuliko za pembeni. Panua kisanduku cha kufuatilia kiwe na nyota zote mbili ndani. Ikishindikana, tumia Reduc, programu ya Mfaransa Florent Losse iliyotengenezwa kwa ajili ya nyota maradufu, inayolinganisha fremu kwa njia inayofaa jozi.

Pete nyeusi kuzunguka nyota ni ukali uliozidi, wa simu au wa programu. Kwenye simu zima hali ya usiku, HDR na urembeshaji wote, piga faili ghafi. Kwenye RegiStax, programu ya kunoa picha, rudisha nyuma vitelezi.

Ung'avu unaopotea taratibu kadiri usiku unavyosonga, na duara laini kuzunguka kila nyota, ni umande. Usifute. Tengeneza kofia ya katoni nyeusi yenye urefu mara moja na nusu ya upana wa bomba, na usipumue karibu na lenzi ya jicho.

Vipimo havilingani na katalogi

Ukishapata jozi safi utataka kuipima: umbali, na pembe inayohesabiwa kutoka kaskazini kupitia mashariki. Zima mota, acha nyota itembee. Upande inakoelekea ni magharibi. Njia hiyohiyo inakupa kipimo cha picha: zidisha 15.04 kwa kosaini ya diklinasheni (umbali wa nyota kutoka ikweta ya anga, kwa digrii) na kwa sekunde ilizotumia, gawa kwa pikseli ilizopita.

Pembe yako ikitofautiana na ya katalogi kwa digrii 180, umebadilisha nani ni mkubwa, kosa la kawaida kwa jozi zilizo sawa. Jumla ya pembe mbili ikiwa 180 au 540, mfano katalogi inasema 110 nawe umepata 70, picha yako imegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazama. Darubini ya vioo viwili inazungusha picha juu chini bila kuigeuza hivyo, lakini kioo cha pembe kinachowekwa kabla ya kamera kwenye darubini ya lenzi kinaigeuza. Kitoe, au geuza picha kushoto kulia kabla ya kupima.

Umbali wote ukikosea kwa uwiano uleule, kosa ni kipimo cha picha: mara nyingi Barlow ya mara 2 si mara 2 kamili, na inabadilika kadiri kamera inavyokaa mbali nayo.

Na ikiwa ni Alpha Centauri peke yake inayokataa kulingana, angalia mwaka wa katalogi kwanza. Jozi hiyo inazunguka kwa karibu miaka 80. Mwaka 1976 ilikuwa na sekunde 22, mwaka 2016 imebaki 4, na tangu hapo inaachana tena mwaka hadi mwaka. Katalogi ya Washington, orodha ya nyota maradufu, inatoa kipimo cha mwisho kilichofanyika na mwaka wake, si umbali wa usiku wa leo. Kwa jozi ya haraka kama hii linganisha na obiti iliyokokotolewa kwa tarehe yako. Andika tarehe kwa mwaka wenye desimali, 15 Juni 2025 ikiwa 2025.45, ndani ya jina la kila faili, pamoja na Barlow iliyotumika.